Nguo Chini ya Jiwe

Feri ilipofunga gatini kwenye kisiwa cha Hunsay, Inspekta Erlend Skea alikuwa wa kwanza kushuka, na si kwa bidii ya kazi. Tumbo lake lilikuwa limegombana na bahari tangu walipoiacha bandari ya mjini. Alishika nguzo ya gati, akavuta pumzi, akangoja nchi iache kuyumba. Mtu wa visiwa vya Orkney asiyejua kusafiri kwa chombo ni kichekesho, na mabaharia walikuwa wanacheka waziwazi. Hakuwanyima haki yao.

Nyuma yake alishuka Thora Drever, mwanamke wa makamo, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Njia nzima hakuwa ametia neno wala chai kinywani.

"Feri inarudi alasiri," Skea alimwambia. "Ikipiga honi, tuwe tumemaliza."

"Kumaliza nini, Inspekta?"

Skea akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Kilichokuja kumalizwa kilikuwa jalada la baba yake Thora. Mzee Sanders Drever, mzaliwa wa Hunsay aliyeondoka kisiwani angali kijana, alikuwa ametoka nyumbani kwa binti yake mjini Jumatatu asubuhi asirudi. Akili yake ilikuwa imeanza kumponyoka siku hizi, kwa hiyo walimtafuta kwanza mitaani, hospitalini, na kwa marafiki zake wa zamani, ambao wengi walikuwa makaburini. Kisha jana, Alhamisi, simu ikaja kutoka Hunsay. Kwenye ufukwe wa Skell kulikuwa na nguo za mwanamume, zimekunjwa vizuri, na ndani ya ukosi wa koti limeshonwa jina lake.

Mkuu wa kituo hakuchukua muda kufikiri. "Kavua, kakunja, kaingia majini," alisema. "Maji yale yanaua kijana wa miaka ishirini, sembuse mzee. Nenda ukaone, utie saini, binti aanze kuomboleza." Helikopta ilikuwa imeshaamriwa isiruke tena mpaka Skea apige simu na atoe sababu. Asipoipata sababu kabla ya feri kurudi, jalada lingefungwa, na ndani yake lingeandikwa kwamba mzee Sanders alijiua.

Walitembea kuelekea Skell. Ukungu ulikuwa umekilalia kisiwa tangu Jumatatu, mweupe, mzito, hata kondoo walisikika kabla ya kuonekana. Njiani Thora akafunguka, bila kuulizwa, macho yake chini.

"Ni mimi niliyemuua."

"Kwa namna gani?"

"Kwa mdomo. Jumapili usiku aliwasha jiko akaweka viatu vyake ndani ya tanuri, eti vikauke. Nyumba ikajaa moshi. Nikamwambia, 'Nimechoka na wewe, Baba. Nimechoka, basi tena.' Akaniangalia tu. Asubuhi kitanda kimetandikwa, yeye hayupo." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Neno likishatoka halirudi, Inspekta. Nilichokuja kutafuta hapa ni kimoja tu. Nijue kama alikwenda kwa ajili ya neno lile."

Skea alikuwa mtu wa kuhoji, si wa kufariji, na hilo lilimsikitisha mara nyingi, leo kuliko siku nyingine. Alimpa leso yake. Ilikuwa safi, na hilo peke yake lilimpa nafuu.

Ufukweni walimkuta mtu mrefu mwenye darubini shingoni, amesimama kando ya zile nguo kama anayezilinda. Alikuwa Bwana Pym, mgeni kutoka Uingereza, aliyekuja Hunsay kutazama ndege. Ndiye aliyepiga simu.

"Ulizikuta hapahapa?" Skea aliuliza.

"Hapahapa. Yaani, nilizitoa, halafu nikazirudisha."

"Ukazirudisha?"

"Nilizipeleka dukani nipige simu. Mama wa dukani alinijia juu, sijapata kuona. Akasema nizirudishe nilipozitoa, na jiwe juu yake, kama lilivyokuwa. Hata jina kwenye ukosi hakutaka nimsomee mpaka nizirudishe." Bwana Pym akashusha sauti. "Inspekta, watu wa hapa wanajua kitu. Nilipozikuta zilikuwa zimelowa umande wa siku nyingi. Njia ya kwenda kwenye ng'ombe inapita pale. Kila mtu amezipita. Hakuna aliyesema neno."

"Na saa?"

Bwana Pym akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa saa ya mnyororo iliyofungwa ndani ya kitambaa. "Ilikuwa ndani ya kiatu. Hiyo niliichukua kwa usalama. Ulijuaje?"

"Sikujua kuhusu saa ile. Niliuliza saa ngapi uliziona." Skea aliipokea. "Lakini ahsante."

Alipiga magoti mchangani. Jiwe lilikuwa la bapa, jeusi, limetoka chini kwenye miamba. Mtu alilibeba kulipandisha hadi pale. Nguo hazikuwa karibu na maji. Zilikuwa juu kabisa, zaidi ya mstari wa mwani mkavu ambao maji makuu huuacha, kando ya mbao mbili na boriti moja vilivyotupwa na bahari na kuvutwa juu na mtu. Aliinua nguo moja moja. Koti. Kizibao cha suti. Shati jeupe na tai yake. Suruali. Viatu, soksi ndani.

"Hizi ni nguo zake za kanisani," alisema Thora. "Za Jumapili. Kwa nini azivae Jumatatu?"

"Kuna kinachokosekana?"

Thora alipiga magoti naye, akazipekua taratibu, kama anayetafuta mtoto ndani ya shuka.

"Sweta lake. La bluu, nililifuma mwenyewe. Halivui hata kulala. Na suruali ya ndani, ile ya sufu."

Skea alikaa kitako mchangani. Aliyatazama maji ya Skell, tulivu, kijivu, baridi yake ikipanda mpaka magotini mwake. Mtu anavua koti, shati, tai na viatu, halafu anavaa tena sweta la sufu ndipo anaingia kufa? Wanaojiua huwa na mambo yao, lakini alikuwa hajawahi kukuta aliyejali mafua.

"Baba alijua kuogelea?"

"Hata kidogo. Wavuvi wa zamani hawakujifunza. Alisema kuogelea ni kurefusha taabu."

"Twende dukani," alisema Skea.

*

Duka la Hunsay lilikuwa pia posta, na pia baraza la watu wote wenye la kusema. Bi Mima Groat alikuwa nyuma ya kaunta, mwembamba, mwepesi, amefunga aproni juu ya masweta mawili. Alimwangalia Skea kutoka juu mpaka chini.

"Wewe ni mtoto wa Bella Skea. Una masikio yake. Umetapika kwenye feri?"

"Kidogo, Bi Mima."

"Bella naye alikuwa hivyohivyo. Kaa." Kisha akamwona Thora mlangoni na sauti ikabadilika. "Binti ya Sanders. Njoo, mwanangu. Njoo karibu na jiko."

Alimmiminia chai, akampakia siagi mkate wa shayiri, akausukuma mbele yake na kusimama pale mpaka Thora alipouma. Skea alingoja. Alijua kwamba kwa watu hawa swali lililotangulia chai halipati jibu.

"Bi Mima," alisema mwishowe, "nguo zile mliziona lini?"

"Mimi nimeziona Jumanne."

"Na wengine?"

"Kila mwenye macho."

"Jumanne, Jumatano, mpaka Alhamisi. Nguo za mtu zimelala ufukweni, mwenyewe haonekani, nanyi mnapita tu. Hamkushtuka?"

"Kulikuwa na jiwe," alisema Bi Mima, kwa namna ya mtu aliyejibu kila kitu.

"Najua habari ya jiwe. Mtu akiokota ubao pwani, akauvuta juu ya mstari wa mwani, akauwekea jiwe, ni wake. Hakuna wa kuugusa hata ukikaa mwaka. Lakini hiyo ni desturi ya mbao. Zile ni nguo."

"Jiwe ni jiwe, Erlend. Halichagui. Gilbert Leask ni mwizi wa mpaka wa shamba, anasogeza ua kila mwaka, na hata yeye hawezi kugusa chenye jiwe. Halafu anakuja yule mtu wa ndege, anainua tu! Nusura nimpige ufagio."

"Ilikuwaje basi hamkuuliza ni za nani?"

"Kwa nini tuulize?" Bi Mima alishangaa kwa dhati. "Mwenyewe ameweka jiwe, maana yake mwenyewe anarudi."

Thora alikiweka kikombe chini. "Maana yake nini?"

"Anarudi, mwanangu. Jiwe maana yake ni hiyo tu. 'Hiki changu, msikiguse, nakijia.' Baba yako hakukufundisha?"

"Sikukulia hapa," alisema Thora, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Skea alimtazama, akaona kitu kimeanza kuwaka usoni mwake, akaogopa. Matumaini ya mtu mwingine yalimtisha kuliko maiti. Kama angeyakuza na baadaye maji yamtoe mzee amevimba, ingekuwa amemzika mara mbili. Akajilazimisha kwenda hatua kwa hatua.

"Sanders alizaliwa hapa," alisema. "Alijua jiwe linasema nini, na alijua ninyi mtalisoma vipi. Anayetaka kufa hawaombi majirani wamtunzie tai. Na mwogaji huacha nguo karibu na maji, azifikie upesi akitoka na baridi yake. Hazipandishi mpaka juu kwenye mbao. Basi tuseme alikusudia kurudi. Alikwenda wapi na sweta na suruali ya ndani, katika ukungu huu, asionekane na mtu?"

Bi Mima alifungua kinywa, lakini mlango ulifunguka kabla yake. Aliingia mtu mnene mwenye uso wa hasira, kofia mkononi. Hakuhitaji kutambulishwa, Bi Mima alikwishavuta mdomo.

"Inspekta yuko hapa?" alisema Gilbert Leask. "Vizuri. Nataka mtu akamatwe."

"Bwana Leask, nipo kwenye shauri la kifo."

"Na mimi nipo kwenye shauri la wizi! Nimeibiwa bandani kwangu, pale chini Skell. Koti langu la mpira, suruali yake, gambuti, na birika. Birika, bwana! Na reki ya meno marefu ya marehemu baba yangu. Na aliyeiba namjua. Ni mpwa wa huyu bibi."

"Mpwa wangu yuko Aberdeen tangu Pasaka, we kipofu," alisema Bi Mima. "Inspekta, ukishaandika lake, andika na langu. Huyu anachoma takataka usiku na mchana. Tangu Jumanne nguo zangu nilizoanika zinanuka moshi. Nimezifua mara mbili. Shuka za mchungaji wa kanisa ninazomfulia zinanuka!"

"Sijachoma kitu mimi! Takataka zangu zimelowa kama zako!"

"Basi moshi unatoka wapi? Kwenye pua yako?"

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na Skea alikuwa amekaa nusu ya maisha yake ya kazi akizisikiliza ngoma za namna hii. Aliinua mkono ili awanyamazishe. Mkono ukabaki hewani.

"Bi Mima. Moshi huo unanukaje?"

"Mbaya. Wa chumvi. Kama..." Bi Mima alishika ukingo wa kaunta. "Kama mwani."

"Na upepo tangu Jumanne umevuma kutoka wapi?"

Aliyejibu ni Leask, hasira imemtoka yote. "Huo upepo mdogo uliopo umetoka magharibi. Kutoka Holm."

Holm kilikuwa kisiwa kidogo mbele ya ufukwe wa Skell, majani matupu na kibanda cha mawe, mahali pa kuachia kondoo. Skea alikuwa amekitazama asubuhi ile bila kukiona. Ukungu ulikuwa umekimeza.

"Nani anachoma mwani siku hizi?" aliuliza.

"Hakuna," alisema Bi Mima. "Hakuna tangu nilipokuwa msichana. Tuliuchoma kila kiangazi, kule Holm, watoto na mama zetu. Majivu yake yalinunuliwa na watu wa viwanda vya kusini. Tulilala kulekule kibandani, moto haukuachwa." Alianza kusema haraka. "Na Sanders alikuwepo. Alikuwa mkubwa kwetu, ndiye aliyetuvusha. Unavuka kwa miguu, Erlend, pana mgongo wa mawe. Na mtu aliyetoka safari, amevaa nguo za feri, mama zetu wangemchinja akienda nazo kwenye moshi. Ilikuwa unazivua Skell, unavaa za kazi, zile nzuri unaziacha juu chini ya jiwe mpaka..."

Hakumaliza. Alikuwa anamtazama Thora.

"Mpaka arudi," alisema Thora.

"Ngojeni," alisema Skea. "Mgongo huo wa mawe unavukika siku zote?"

"Wapi! Wakati wa bamvua tu," alisema Leask. "Maji yapwe sana ndipo unatokeza. Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho. Sasa maji mafu, hata yakipwa vipi yanakufika shingoni."

"Basi Jumatatu alishuka kwenye feri ndani ya ukungu, akavuka. Jumanne alitaka kurudi, au hakutaka, lakini njia haikuwepo tena." Skea aliona mkono wake mwenyewe umeshika kikombe cha Thora, akakirudisha. "Mashua ya uokoaji ilizunguka Holm jana."

"Ilitafuta maiti majini," alisema Leask. "Nilikuwamo. Tulitazama maji. Ukungu ulikuwa mpaka puani, hatukutazama juu." Alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. "Amevaa koti langu la mpira. Ni zito lile, linazuia baridi. Mungu wangu, na mimi nimekuja kumshtaki."

"Una mashua?"

"Nina mashua."

Skea alipiga simu mjini kutoka posta. Mkuu wa kituo alisikiliza habari ya jiwe, birika na shuka za mchungaji, kisha akauliza kama Skea alikuwa amekunywa. Helikopta isingeweza kushuka kwenye ukungu ule kwa vyovyote. "Ukikuta kibanda kitupu, Erlend," alisema, "utamwambia nini yule binti?"

"Sijui, Mkuu," alijibu, akakata simu.

*

Mashua ya Leask ilinuka samaki na dizeli. Skea alikaa mbele, meno ameyauma, na kwa mara ya kwanza maishani alisahau kutapika. Thora alikaa katikati, blanketi mbili za Bi Mima magotini, na kifurushi cha mikate ambacho Bi Mima alikuwa amemtupia mashua ikiwa imeshasukumwa majini. Katikati ya mlango wa bahari Leask alizima injini wasikilize, na hapo moshi ukawafikia, mzito, wa chumvi, unauma macho. Thora aliziba mdomo kwa mkono.

"Moshi unaweza kubaki siku nyingi," Skea alimwambia. Ilibidi aseme. "Mwani huungua polepole wenyewe. Haimaanishi..."

"Najua, Inspekta. Niache nifurahi mpaka tufike."

Walifika. Leask aliivuta mashua juu ya mawe, wakapanda kwenye majani yaliyolowa, Skea mbele, kwa sababu alitaka macho yake yatangulie ya Thora. Aliona kwanza mwani, umetandazwa kwenye mawe ukauke, mstari baada ya mstari, kazi ya mtu asiye na haraka. Kisha akaona shimo la mawe likitoa moshi mweupe unaochanganyika na ukungu mpaka hujui kipi ni kipi. Kando yake reki, birika, maganda ya mayai ya ndege. Na juu ya ubao, mgongo umeegemea ukuta wa kibanda, mtu amejikunja ndani ya koti la mpira kubwa mno kwake, kichwa kimelala kifuani.

Skea alisimama.

Mtu yule akakohoa.

"Nani hao?" alisema mzee Sanders Drever. "Msisimame mbele ya upepo, mnaniharibia moto."

Uso wake ulikuwa mweusi kwa masizi, midomo imepasuka, mikono inatetemeka kwa baridi na udhaifu, lakini alikuwa hai, na alikuwa na adabu. Alipomwona mwanamke, alijaribu kusimama. Hakuweza. Thora alikuwa amefika, amepiga magoti mbele yake, anamfunga blanketi mabegani, mikono yake ikimgusa kila mahali kuhakikisha kwamba ni yeye. Mzee alimwangalia usoni kwa upole na kwa muda mrefu, na Skea aliyekuwa nyuma aliona kwamba hakumtambua.

"Ahsante, mama," alisema mzee. "Umetoka mbali?"

"Mjini."

"Eeh, mjini! Mimi nina binti huko. Thora. Labda unamjua?"

"Namjua."

"Basi tunamfahamu wote." Alifurahi. Alimsogelea kidogo, akashusha sauti, kama mtu anayesema jambo la nyumbani ambalo wanaume wale wawili hawalihusu. "Amechoka, maskini. Usiku na mchana ananiangalia mimi, na mimi nina mambo yangu, nasahau. Alisema mwenyewe kwamba amechoka. Hakusema kwa ubaya, hapana. Mtu akichoka husema. Nikaona, nimpishe siku mbili tatu, alale. Nije nifanye kazi kidogo, nimpelekee chochote."

Thora alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na neno alilolibeba tangu Jumapili lilikuwa sasa mbele yake, limetunzwa na mzee wake na kugeuzwa kuwa kitu kingine kabisa. Skea aligeuka pembeni akatazama ukungu. Alikuwa amepata jibu alilolifuata yule mwanamke, na lilikuwa ndiyo. Alikwenda kwa ajili ya neno lile.

Ng'ambo, kutoka gatini, honi ya feri ililia, ndefu.

"Hiyo ndiyo feri," Leask alinong'ona. "Tukimbeba sasa hivi tutaiwahi. Kuna nesi ndani."

Skea alipiga hatua moja. Mzee aliuona mguu wake, akatikisa kichwa, akaonyesha shimo.

"Moto hauachwi, bwana. Ukiuacha, mwani wote bure. Haujabakiza sana." Kisha akamgeukia tena Thora, akashika kiganja cha mkono wake, akakunja uso. "Mama, mikono yako ni barafu! Huyu aliyekuleta hakuona umelowa? Njoo, njoo ukae." Alijiburuta kwa taabu kwenye ubao, akaacha nafasi upande wake wa kushoto, akaipangusa maji kwa mkono wa koti la Gilbert Leask. "Hapa. Upande huu moshi haufiki."

Thora alikaa. Mzee alichukua nusu ya blanketi kutoka begani mwake, akamfunika.

"Sasa pumzika," alimwambia.

Honi ililia mara ya pili. Leask alimtazama Inspekta, na Inspekta akaokota reki ya meno marefu.

"Iache iende," alisema, akaanza kuchochea moto.